Mkuu Aliyeniombea Msamaha

Alizaliwa wapi, kwa nani, alisoma shule gani, hayo watayasema wanaompenda. Mimi nitasema niliyoyaona. Tulimwita Mkuu kwa sababu alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika hospitali moja ya Tabora mjini ambayo sitaitaja, na kwa sababu alipenda kuitwa hivyo hata akiwa sokoni ananunua dagaa. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Alinifundisha kazi hadi nikaijua, kisha siku moja akanitwisha kosa lake mbele ya watu, na juu ya hayo akaniombea msamaha. Naandika nikiwa na hasira. Asiyependa kusoma hasira za mtu mwingine aishie hapa, sitamlaumu.

Nianze na sauti yake, maana ndiyo iliyomfikisha kila alikofika. Ilikuwa nzito, laini, haikimbii, na mwenyewe alijua ina bei. Siku za kazi aliitumia kuwaeleza waganga kwa nini kompyuta zinasuasua. Mwisho wa wiki aliitumia ukumbini, kwa sababu alikuwa mshereheshaji. Kama uliolewa Tabora miaka ile na ukumbini palikuwa na spika, huenda ni yeye aliyekuambia ukate keki. Alikuwa na suti ya rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, na nyingine ya bluu kwa ajili ya harusi yenyewe, na zote alizitundika nyuma ya mlango wa chumba cha seva, kule kwenye kiyoyozi, zisipate joto. Wakaguzi wa moto walimwambia mara nyingi aziondoe. Aliwachekesha, wakasahau.

Alikuwa mwalimu mzuri. Ningependa kusema vinginevyo, lakini nitakuwa mwongo. Siku niliyoanza kazi aliniingiza kwenye chumba kile, akanionyesha mashine mbili kubwa zinazounguruma ndani ya kabati la chuma, akaniuliza kama nimewahi kupanga chumba. Nikamwambia ndiyo, Isevya, nyumba ya uani.

“Basi umeshaelewa nusu ya kazi,” akasema. “Seva hii ni nyumba. Chuma unachokiona ni kuta na bati. Ndani wanakaa wapangaji. Huyu ni maabara, huyu ni dawa, huyu ni mafaili ya wagonjwa, huyu ni mishahara. Kila mmoja anajiona ana kompyuta yake peke yake, kumbe wote wako chini ya bati moja. Hao wapangaji ndio mashine pepe. Ukitaka kuwaona kwa macho hutawaona, lakini kodi wanalipa.”

“Na viraka, Mkuu?”

“Viraka ni ukarabati. Waliotengeneza programu wakigundua tundu wanatuma kiraka. Usipoziba, mwizi anapita hapo hapo. Sasa, binti, unaweza kuezua bati watu wamelala ndani?”

“Siwezi.”

“Unawahamishia nyumba ya pili. Unakarabati, unazima, unawasha, unawarudisha. Halafu unafanya ile nyingine. Ukifanya vizuri, mama aliyesimama dirishani na mtoto wake mgongoni hajui kama kuna mtu kahama.”

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi na nimekaa kwenye mafunzo ya watu wenye vyeti ukutani, na sijasikia mtu akiieleza kazi hii vizuri kuliko yeye. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Angekuwa hajui ningeshamsamehe.

Hata saa ya kufanya ukarabati alichagua kwa akili. Kwingine watu hufanya kazi hii usiku wa manane, lakini usiku hospitali yetu ilikuwa na akina mama wa kujifungua na ajali za bodaboda. Mkuu aliangalia foleni, akaona kwamba Ijumaa mchana, wenzetu Waislamu wakienda msikitini na sisi wengine tukienda kula, dirishani hupungua watu kabisa. Akakubaliana na wauguzi wa zamu kwamba saa hiyo wataandika kwa mkono. Ikawa ndiyo Ijumaa ya viraka, kila mtu akaijua, hadi wapishi wa kantini. Imamu wa msikiti wa jirani alimuuliza siku moja kwa utani kama hotuba irefushwe kidogo ili kompyuta zimalize.

Na alikuwa na roho nzuri, nayo niiseme niimalize. Nilipougua malaria mke wake aliniletea uji nyumbani, na yeye mwenyewe alinibeba kwa pikipiki yake kwenda kuchoma sindano. Msiba wa mfanyakazi yeyote hakukosa. Kijana akikosea kitu kidogo, hakumgombeza mbele za watu. Alimwita pembeni, akamwonyesha, akamwacha aende. Ndiyo maana nilimwamini kupita kiasi.

Kitu kimoja tu hakukiweza, nacho ni kuonekana hajui au amekosa. Akiulizwa na wakubwa swali lililomshinda, alisema “naliangalia”, kisha akanifuata korido kuniuliza mimi. Alinifundisha hilo nalo, kama sehemu ya kazi. “Binti, ukiitwa ofisini usiseme tatizo. Sema changamoto. Ukisema tatizo watauliza limeletwa na nani. Ukisema changamoto ya kimfumo, wanaandika, mnaendelea na ajenda.” Niliwahi kumsikia akimwambia mzee mmoja kutoka Igunga, aliyekuja kufuata majibu ya damu na kuambiwa hayaonekani, kwamba kuna changamoto ya kimfumo. Mzee alimshukuru, akapanda basi akarudi kwao bila majibu. Printa ilikuwa haina wino.

Sasa tuje kwenye harusi. Mkuu hakuwa mshereheshaji tu. Alikuwa pia anarekodi. Alikuwa na kijana wa kamera, na baada ya sherehe yeye mwenyewe ndiye aliyekata picha, akaweka muziki, akachoma DVD za kuwauzia ndugu. Kazi hiyo inataka mashine yenye nguvu na umeme usiokatika, na Tabora nzima palikuwa na chumba kimoja tu anachokijua chenye vyote viwili. Akajitengenezea mpangaji wake ndani ya nyumba ya kwanza. Akampa jina la Hifadhi, ili mkaguzi akipita aone neno la kiofisi. Ndani ya Hifadhi walikuwa wamejaa mabibi harusi.

Nilijua, na wote kitengoni tulijua. Hatukuona kama ni jambo la kumsema mtu mzima. Wenyewe tulikuwa tunachungulia, tunacheka mashangazi wanavyocheza.

Shida ilianza pale nyumba ya kwanza ilipogoma kuhamisha watu. Ijumaa ilifika, tukaiambia itoe wapangaji wote ili tuweke viraka, ikaanza, ikafika mahali ikasimama. Hairudi nyuma, haiendi mbele. Tukaiahirisha. Ijumaa iliyofuata, vile vile. Mkuu akaniambia niliangalie. Nikaanza kama alivyonifundisha, kwa kuuliza maswali mepesi kwanza. Nyumba ya pili ina nafasi ya kupokea wageni? Ipo. Njia kati ya nyumba na nyumba inapitika? Inapitika. Ghala la mafaili linaonekana kutoka nyumba zote mbili? Linaonekana. Nikawahamisha mmoja mmoja kwa mkono. Dawa akaenda, mishahara akaenda. Nilipofika kwa Hifadhi, akakataa.

Nikasoma alichokuwa anaandika kwenye kumbukumbu zake, nikaelewa. Hifadhi alikuwa ameshika DVD iliyokuwa kwenye trei ya ile nyumba ya kwanza. Mashine pepe ikishika kitu ambacho ni cha nyumba hii tu, haiwezi kuhama nacho na haikubali kukiacha yenyewe. Inabaki pale mlangoni. Na ukiwa umeamuru watoke wote kwa pamoja, waliobaki nyuma yake nao wanangoja.

Nikamwambia Mkuu: ni hiyo DVD, tuitoe, kazi inakwenda. Akanitazama. “Hiyo ni sendofu ya mtoto wa mtu mkubwa, haijaisha kukatwa. Achana nayo. Ripoti nitaandika mimi.” Akaandika kwamba viraka vyote vimewekwa.

Basi ikaja Ijumaa yenyewe. Jumatatu yake tulikuwa tunatarajia wakaguzi wa mifumo kutoka kwa wafadhili, watu wasiochekeshwa, na kwenye skrini nyumba ya kwanza ilikuwa inaonyesha alama nyekundu ya kukosa viraka. Mkuu alikuwa na sendofu jioni ile, na alitakiwa kwenda mapema kujaribu spika. Alikuwa ameshavaa suti ya damu ya mzee. Aliamuru nyumba itoe watu, ikasimama pale pale inaposimama siku zote.

“Mkuu, yule wako hajatoka,” nikasema. “Na maabara na mafaili wamekwama nyuma yake. Nipe muda kidogo nimwachishe DVD.”

“Binti, gari liko nje.”

“Nenda tu, Mkuu. Nitamaliza mimi.”

“Halafu Jumatatu nikute hiyo nyekundu bado iko pale? Naizima, inawaka, imekwisha.”

“Usizime, Mkuu. Wamo ndani. Wanaandika.”

Nilisema hivyo, kwa sauti, nimeshika mlango wa kabati. Alinisogeza kwa mkono, taratibu, kama anavyowasogeza watoto wanaosimama mbele ya kamera, akabonyeza kitufe, akakishikilia mpaka taa zikazimika. Kisha akakiwasha tena, akaangalia saa, akaondoka. Manukato yake yalibaki chumbani.

Nyumba iliwaka. Maabara na mafaili hawakuamka. Walikuwa wamekatwa katikati ya kuandika. Mganga mkuu alipoingia anakimbia, alinikuta mimi peke yangu na mikono yangu ndani ya kabati.

Sitaki kueleza sana jinsi nilivyowarudisha. Nilitoa ile DVD, nikarudisha maabara na mafaili kutoka kwenye nakala, na hadi Jumapili mchana watu wakaanza kuitwa tena kwa majina dirishani. Lakini kati ya hapo foleni ilifika getini. Watu walitumwa kupimwa upya damu ambayo ilikuwa imeshapimwa. Kwenye foleni hiyo palikuwa na mama mmoja kutoka Lusu, kijijini kwetu kule Nzega, na mtoto wake ana homa ya kutetemeka, na majibu yake yalikuwa ndani ya mashine isiyoamka. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Yule mama aliponiona napita korido alinijua, na akamuuliza muuguzi kuna nini. Muuguzi akamjibu alichokuwa anajua wakati ule: kuna dada wa kompyuta amezima.

Ile DVD nilimkabidhi Mkuu mwenyewe mkononi asubuhi ya Jumatatu, pembeni, ili asiaibike. Aliniambia asante, binti.

Saa chache baadaye tukakaa kwenye kikao: mganga mkuu, matroni, wakaguzi, na sisi wa kitengo. Mganga mkuu akauliza nani alizima seva watu wakiwa ndani. Mimi nilikuwa nangoja Mkuu aseme changamoto. Ningekubali hata hiyo changamoto yake. Mkuu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kwa ile sauti ya ukumbini.

“Wakubwa zangu,” akasema, “kijana ni kijana. Ana ari, ana haraka. Mimi kama mlezi wake nasimama hapa kubeba lawama. Aliyefanya hivi ni mwanangu, na mwanangu akikosa nimekosa mimi. Nawaomba kwa unyenyekevu tumsamehe.”

Nilisimama nikasema si mimi. Nilisema ni yeye aliyebonyeza, nikasema na habari ya DVD. Mkaguzi mmoja akauliza, DVD gani? Mkuu akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, sijui alikuwa anaitoa wapi. “Kaa, mwanangu,” akasema. “Yameisha.” Matroni alikuwa anafuta machozi. Walimpigia makofi, mimi nimesimama.

Wiki hiyo hiyo nilihamishiwa kituo chetu cha afya cha Usoke, kwenye reli ya kwenda Kigoma, ambako palikuwa na kompyuta moja na buibui ndani yake. Nilikaa nikisajili wagonjwa na kunusa tumbaku inayokaushwa. Usoke hawakunikosea kitu, ni watu wema. Lakini hata huko habari ilinitangulia, na mtu akinituma kuwasha taa mwenzake alimwambia aangalie nisije nikazima kituo.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikaa kooni ni la mama yangu. Yule mama wa foleni alirudi Lusu, na kijiji chetu kina muda wa kusikiliza. Nikawa binti aliyezima hospitali. Mama yangu ni Mmoraviani wa kweli, ana kiti chake kanisani na akina mama wenzake wanamsikiliza, na kabla ya hapo kila aliyekwenda kutibiwa Tabora alimwambia, “Ukifika pale mtafute mwanangu.” Akaacha kusema hivyo. Nilipokwenda likizo aliniuliza mara moja tu, anachambua mchele, haniangalii. “Mwanangu, kweli ulizima?” Nikamwambia hapana, nikamweleza yote. Akasema, “Haya.” Mtu aliyelelewa na mama huyu anajua “haya” ya kukubali na “haya” ya kumaliza mazungumzo. Tangu siku ile sikutaka Mkuu afukuzwe, wala sikutaka cheo chake. Nilitaka mama asikie kwa kinywa cha yule yule.

Miaka ilipita. Niliondoka Usoke nikapata kazi kwenye ofisi nyingine ya mjini, na sasa seva ni zangu, mbili, kwenye kabati langu. Kanuni yangu ya kwanza kwa vijana wangu ni kwamba trei zote za DVD zizibwe kwa gundi. Hawajui ni kwa sababu ya nani. Kila Ijumaa mchana tunaweka viraka, maana mpango wake ulikuwa mzuri na siwezi kuutupa kwa chuki, lakini kila nyumba inapomaliza kutoa watu wake na kusema iko tayari, huwa namtukana kimoyomoyo.

Alipostaafu alileta barua ofisini kwetu akiomba kutufundishia vijana mambo ya seva. Ilifika mezani kwangu. Angewafundisha vizuri sana, na nilijua. Nilimwambia karani amjibu kwamba maombi yake yamepokelewa ila kuna changamoto ya kimfumo. Nilitembea siku nzima naimba.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, Kabula, alipata mchumba, mwalimu kijana wa pale Tabora, mtoto mtulivu. Siku ya kuleta posa nikaenda Lusu mapema, kwa sababu kwetu shangazi ndiye anayewapokea wageni, na ndiye anayesema mshenga atozwe nini kabla hajaruhusiwa kufungua mdomo. Wengine huomba mbuzi, wengine kitenge cha bibi, wengine humwambia mshenga acheze mpaka jasho limtoke. Akishatimiza, ndipo anaruhusiwa kusema kilichomleta.

Gari la upande wa kijana likasimama uani. Wakashuka wazee, akashuka kijana mwenyewe, akashuka baba mdogo wake, mtu mpole mwenye kigugumizi, na mwisho akashuka mshenga wao, Mkuu, na suti ya bluu. Amezeeka. Kola ya shati inacheza shingoni. Aliponiona mlangoni akafungua mikono.

“Mnaona?” akawaambia wenzake. “Si niliwaambia? Pale ni kwetu. Huyu shangazi nimemfundisha kazi mimi. Ni mwanangu.”

Kumbe alijua anakokuja. Alikuwa amewaahidi wale watu kwamba mambo yatakuwa mepesi kwa sababu yangu.

Niliwakaribisha, nikawapa maji ya kunawa, wakakaa. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa kitenge cha kanisani. Mkuu akamwamkia, “Shikamoo, mama.” Mama akaitikia, “Marahaba, baba.” Hakumjua kwa sura.

“Mshenga, karibu,” nikasema. “Faini yetu hatutaki mbuzi wala kitenge. Mama yangu ni yule pale. Mwambie, ile Ijumaa pale hospitali, nani alizima seva.”

Wageni walicheka wakidhani ni utani wa ukweni. Mkuu naye akacheka. “Shangazi, tutoze mbuzi bwana. Tunaye hata sasa kwenye gari.”

“Mbuzi tunao.”

Kaka yangu alinitupia jicho. Nyuma ya pazia nilisikia Kabula akisema “Shangazi, jamani,” na ilinichoma, kwa sababu siku ilikuwa yake. Lakini sikurudi nyuma.

Mkuu akasimama, akafunga kifungo cha koti. “Mama yangu,” akaanza, na sauti ilikuwa ile ile, haijazeeka hata kidogo, “siku ile palitokea changamoto ya kimfumo. Mashine pepe mojawapo ilishindwa kuhama wakati wa zoezi la kuweka viraka kwenye seva mwenyeji, hali iliyosababisha...” Akaendelea. Wazee wa upande wake wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Mama alimwacha amalize. Maisha yake yote amewasikiliza wanunuzi wa pamba wakimweleza kwa nini mizani yao haina kosa.

“Baba, hayo mimi sikuyaelewa,” akasema. “Hiyo mashine ilijizima yenyewe?”

“Hapana, mama.”

“Kuna mtu aliizima.”

“Ndiyo, mama.”

“Ni huyu mwanangu?”

Mkuu alimtazama kijana anayeoa. Kijana alikuwa anamtazama yeye. Nje mbuzi alilia kwenye gari.

“Hapana, mama.”

“Nani?”

“Ni mimi.”

“Na mwanangu alikuwa anafanya nini wakati huo?”

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo. “Alikuwa ananikataza.”

Mama akanigeukia. Hakulia, si mtu wa kulia. “Niliwaacha watu waseme, mwanangu,” akasema. “Unisamehe.” Mimi ndiye niliyelia, mbele ya wakwe, na sikuona haya.

Kisha mama akawageukia wageni. “Kijana wenu tumemwona. Binti anamtaka, na sisi hatuna neno. Ila mshenga mtupe mwingine. Huyu nikimpa maneno yangu awapelekee wazazi wa kijana, sitajua yatafika vipi.”

Hakuna aliyebisha. Mkuu aliangalia huku na huku kutafuta mtu wa kumchekesha, hakumpata, akatoka akakaa kwenye gari mlango ukiwa wazi. Baba mdogo wa kijana akasogezewa kiti cha mbele. Alisema kwa kigugumizi, akakosea majina, akarudia, na posa ikapokelewa. Vigelegele vilipopigwa nilimwona Mkuu akiinua kichwa kama anayetaka kusema kitu kwenye kipaza sauti, akakiinamisha.

Chakula kilipoiva sikumtuma mtoto. Nilimpakulia mwenyewe, wali wa shambani kwetu na kuku wa kienyeji, nikambebea na maji ya kunawa hadi garini. Nikapiga goti kama nilivyolelewa.

“Shikamoo, Mkuu.”

“Marahaba, binti,” akasema. Akanawa, akashika sahani, akaanza kuusogeza wali kwa vidole upande huu na upande ule, anatafuta, na mimi nilijua anatafuta nini, kwa sababu miaka yote aliyotembea kwenye posa za watu, firigisi ilikuwa yake.

“Firigisi ameshakula mshenga,” nikamwambia, nikamwongezea mchuzi.